PESA NDANI YA SIMU: GHANA INAVYOJENGA UCHUMI WA KIDIJITALI

Katika somo hili tutasafiri mpaka Afrika Magharibi, katika nchi ya Ghana. Tutaona jinsi wananchi wa huko wanavyotumia simu na kompyuta katika kazi zao: kuuza, kununua, kulima, kuweka akiba na kulipa kodi. Tutaona faida walizopata. Tutaona pia matatizo yaliyowapata, maana hakuna maendeleo yasiyokuwa na matatizo.

Kwa nini tujifunze habari za Ghana? Kwa sababu wakulima wa Ghana wanafanana na sisi. Wanalima kwa mikono, wanangoja mvua, na wanauza mazao kwa wachuuzi wanaokuja na magari. Simu iliyoingia kijijini kwao ndiyo hiyo hiyo iliyoingia kwetu. Jambo lililowafaa linaweza kutufaa, na jambo lililowaumiza linaweza kutuumiza.

1. Ghana ni nchi ya namna gani?

Ghana iko kando ya Bahari ya Atlantiki. Magharibi imepakana na Côte d'Ivoire, kaskazini Burkina Faso, na mashariki Togo. Eneo lake ni kilometa za mraba 238,500 hivi. Hiyo ni kama robo ya eneo la Tanzania. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa Ghana ina watu milioni 30.8.

Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957, chini ya uongozi wa Kwame Nkrumah. Mji mkuu ni Accra. Mazao yake makubwa ni kakao, mahindi, muhogo, ndizi na viazi vikuu. Vile vile inachimba dhahabu. Fedha yake inaitwa cedi.

Lugha ya serikali ni Kiingereza, lakini wananchi wana lugha zao nyingi, kama vile Kitwi, Kiewe, Kiga na Kidagbani. Jambo hili la lugha tulikumbuke, tutalirudia baadaye. Hesabu ile ile ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa karibu watu 7 kati ya kila watu 10 wenye umri wa miaka 6 na zaidi walijua kusoma na kuandika. Maana yake ni kwamba watu 3 kati ya 10 hawakujua.

2. Uchumi wa kidijitali ni nini?

Neno hili ni geni, lakini maana yake si ngumu. Uchumi ni kazi zote za kuzalisha mali, kuigawa, kuiuza na kuinunua. Uchumi unakuwa wa kidijitali pale kazi hizo zinapofanyika kwa msaada wa simu, kompyuta na intaneti.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza nyanya katika soko la Techiman, katikati ya Ghana. Techiman ni soko kubwa sana la mazao ya chakula. Zamani mama huyu alipotaka kutuma fedha kwa mtoto wake aliyeko shuleni Accra, alimpa dereva wa basi bahasha. Pengine bahasha ilifika, pengine haikufika. Alipotaka kujua bei ya nyanya mjini Kumasi, alimngoja mtu atokaye Kumasi. Alipotaka kuweka akiba, alificha fedha chini ya godoro.

Leo mama huyo huyo anatuma fedha kwa simu, anauliza bei kwa simu, na anaweka akiba katika simu. Nyanya hazikubadilika. Bado zinatoka shambani, bado zinabebwa kichwani. Kilichobadilika ni habari na fedha. Vitu hivi viwili sasa vinakwenda upesi kuliko basi.

3. Njia ya habari: nyaya, minara na umeme

Ili gari lipite, lazima pawe na barabara. Habari nazo zinahitaji barabara yake.

Barabara kuu ya habari iko chini ya bahari. Ni nyaya ndefu zilizolazwa sakafuni mwa bahari kutoka Ulaya mpaka Afrika. Ghana inaunganishwa na nyaya kadhaa za namna hiyo. Wa kwanza ulifika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mingine ikafuata. Kutoka pwani, habari hupita katika nyaya za nchi kavu mpaka mijini, halafu hufika katika minara ya simu. Mnara nao huirusha hewani mpaka katika simu yako.

Kazi ya kuleta intaneti Ghana ilianza miaka ya 1990. Mtu mmoja anayekumbukwa kwa kazi hiyo ni Profesa Nii Quaynor, mtaalamu wa kompyuta. Alisomea Marekani, akarudi nyumbani, akashirikiana na wenzake kuunganisha nchi yake na ulimwengu.

Lakini barabara huharibika. Tarehe 14 Machi 2024, nyaya nne zilikatika kwa pamoja baharini karibu na Côte d'Ivoire. Nchi nyingi za Afrika Magharibi zilipata taabu, na Ghana ilikuwa mojawapo. Intaneti ilidhoofika, na kazi za mabenki zilikwama. Ilibidi meli maalumu ziende baharini kuunganisha nyaya, na kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa. Nasi Afrika Mashariki tuliyaona hayo miezi miwili baadaye, Mei 2024, nyaya za upande wetu zilipokatika.

Umeme nao ni muhimu. Simu isiyo na chaji ni kama jembe lisilo na mpini. Kati ya mwaka 2012 na 2015 Ghana ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme. Wananchi waliupa mgao huo jina la "dumsor". Katika Kitwi, maana yake ni "zima, washa". Wenye viwanda, maseremala, mafundi cherehani na wauza samaki wa barafu walipata hasara. Mwenye kutaka uchumi wa simu hana budi kuanza na umeme.

4. Fedha katika simu

Tuingie sasa katika jambo lenyewe. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Ghana ilianza huduma ya fedha kwa simu mwaka 2009, kwa kampuni ya MTN. Wananchi wa huko wanaiita "momo".

Mwanzoni watu walisitasita. Walisema, "Nitampaje mtu fedha zangu halafu aniambie ziko hewani?" Swali hilo ni la busara, basi tulijibu.

Unapompa wakala fedha taslimu, wakala anakupunguzia salio lake na kukuongezea lako. Noti zako zinabaki kwa wakala, lakini wakala mwenyewe alikwisha kuweka fedha benki kabla ya kupata salio hilo. Kwa hiyo, kila cedi unayoiona katika simu inapaswa kuwa na cedi halisi iliyolala benki. Sheria za Ghana zinaikataza kampuni ya simu kuzichukua fedha hizo na kuzifanyia biashara yake.

Benki Kuu ya Ghana ilitoa masharti mapya mwaka 2015. Sharti moja lilisema kwamba fedha hizo zinapopata faida benki, angalau asilimia 80 ya faida wapewe wateja. Yaani, katika kila cedi 100 za faida, 80 ni za wananchi. Tanzania nayo ilikuwa imekwisha kuonyesha njia: mwaka 2014 wateja wa Tigo Pesa walianza kugawiwa faida ya namna hiyo.

Palikuwa na tatizo jingine. Mtu wa kampuni moja hakuweza kumtumia mtu wa kampuni nyingine kwa urahisi. Wengine walitembea na simu mbili au laini tatu. Tarehe 10 Mei 2018 Ghana iliunganisha kampuni zote. Tangu siku hiyo, mwenye laini ya kampuni hii anaweza kumtumia mwenye laini ya kampuni ile, moja kwa moja. Baadaye fedha za simu ziliunganishwa pia na akaunti za benki.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 2022 fedha zote zilizopita katika simu Ghana zilizidi cedi trilioni 1. Trilioni ni nini? Ni milioni moja iliyohesabiwa mara milioni moja. Si kwamba Ghana ina utajiri wa kiasi hicho. Cedi moja inaweza kupita katika mikono mingi kwa mwaka mmoja, na kila inapopita huhesabiwa tena.

Ghana ina desturi ya zamani ya kuweka akiba inayoitwa "susu". Mtu anayekusanya susu hupita sokoni kila siku. Kila mama humpa kiasi kile kile, tuseme cedi 5. Mwisho wa mwezi mkusanyaji humrudishia mama fedha zake, ila huchukua fungu la siku moja kuwa ujira wake. Desturi hii inafanana kidogo na upatu wetu. Hatari yake ni kwamba mkusanyaji akitoroka, akiba imekwenda. Siku hizi wapo wakusanyaji wanaotumia simu. Mama akitoa cedi 5, ujumbe unaingia papo hapo katika simu yake. Wahenga wetu walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Ujumbe ule ndio daftari la mama.

Lakini tahadhari! Simu inayohifadhi akiba ndiyo hiyo hiyo inayotoa mikopo. Tuseme umekopa cedi 100 na baada ya siku 30 urudishe 107. Utasema, "Saba tu!" Lakini ukikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa riba ya cedi 84 kwa fedha zile zile 100. Piga hesabu kwanza, ndipo ubonyeze.

5. Kitambulisho na anwani

Biashara inahitaji watu wajuane. Anayekukopesha anataka kujua wewe ni nani na unakaa wapi.

Ghana inawapa wananchi kitambulisho cha taifa kiitwacho Ghana Card. Kina alama za vidole na namba ya mtu. Tangu Aprili 2021 namba hiyo ndiyo inayotumika pia kuwa namba ya mlipa kodi. Kwa njia hii watu wengi waliingizwa katika daftari la kodi kwa mara moja.

Mwezi Oktoba 2021 serikali ilitangaza kwamba kila laini ya simu isajiliwe upya kwa kitambulisho hicho. Nia ilikuwa njema: kuwazuia wezi wanaotumia laini zisizo na mwenyewe. Lakini watu wengi hawakuwa na kitambulisho. Misitu ya watu ilijipanga tangu alfajiri. Muda uliongezwa mara kadhaa, mpaka mwisho wa Mei 2023. Hatimaye laini nyingi zisizosajiliwa zilifungwa. Sisi tunakumbuka usajili wetu wa alama za vidole na laini zilizoanza kufungwa Januari 2020. Fundisho ni hili: amri ya kutumia kitambulisho itangulie na kitambulisho chenyewe.

Kuhusu anwani, Ghana ilianza mpango mpya mwezi Oktoba 2017. Nchi nzima iligawanywa katika miraba midogo, kila mraba meta 5 kwa meta 5. Kila mraba una herufi na namba zake. Kwa mfano, anwani inayoanza na herufi GA iko katika jiji la Accra. Nyumba isiyo na jina la mtaa sasa inaweza kuwa na anwani. Mwenye kupeleka mzigo, au gari la wagonjwa, linaweza kuifikia bila kuuliza, "Iko wapi ile nyumba karibu na mwembe?"

6. Mkulima na bei ya soko

Mkulima anapouza mazao, huwa hajui jambo moja ambalo mchuuzi analijua: bei ya mjini. Mchuuzi anasema, "Bei imeshuka." Mkulima hana la kujibu.

Katika Accra kuna kampuni iitwayo Esoko. Kazi yake mojawapo imekuwa kuwatumia wakulima bei za masoko kwa ujumbe wa simu. Je, habari hizo zilisaidia? Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliwafuata wakulima wa Ghana kwa muda ili kulipima jambo hili. Waliona kwamba wakulima wa viazi vikuu waliopata ujumbe waliuza kwa bei nzuri zaidi kuliko wenzao. Baada ya muda, hata wenzao wasiopata ujumbe walianza kupewa bei nzuri. Kwa nini? Kwa sababu wachuuzi hawakuweza tena kujua ni nani anaijua bei na ni nani haijui. Ikabidi wawe waangalifu kwa wote.

Lakini faida hiyo haikuonekana kwa kila zao. Hili nalo linatufundisha. Kujua bei kunampa mkulima nguvu ya kusema, lakini hakumpi gari, ghala wala barabara. Ukijua bei ya mjini ni kubwa, na huna njia ya kuufikia mji, bado utamwuzia mchuuzi aliye mlangoni kwako. Ndiyo maana ushirika wa wakulima una kazi yake hata katika siku hizi za simu.

Mjini Kumasi ilianzishwa kampuni nyingine, Farmerline, mwaka 2013. Wenyewe ni vijana wa Ghana. Waliona kuwa ujumbe wa maandishi ya Kiingereza haumsaidii mkulima asiyejua kusoma Kiingereza. Basi wakatumia sauti. Mkulima anapokea simu na kusikia, kwa lugha yake, habari za mvua, za mbegu na za bei. Hapa ndipo lile jambo la lugha linaporudi. Elimu isiyofika katika lugha ya mtu haijafika.

7. Tozo iliyozua mzozo

Mwezi Novemba 2021 Serikali ya Ghana ilipeleka bungeni pendekezo la tozo mpya. Kila atumaye fedha kwa simu akatwe asilimia 1.75. Serikali ilisema inahitaji fedha za kujenga barabara, kulipa madeni na kuwapa vijana kazi. Ilisema pia kwamba watu wengi hawalipi kodi, na simu ni njia rahisi ya kuwafikia.

Wapinzani walisema tozo hiyo itamwumiza mnyonge. Mfanyakazi anayemtumia mama yake fedha kijijini hafanyi biashara. Kwa nini akatwe? Ubishi ulikuwa mkali. Usiku mmoja wa Desemba 2021 wabunge walifikia kushikana mashati ndani ya Bunge.

Mwezi Machi 2022 sheria ilipita, kwa asilimia 1.5, na tozo ikaanza tarehe 1 Mei 2022. Cedi 100 za kwanza kwa siku hazikukatwa. Tupige hesabu pamoja. Mtu anatuma cedi 300. Ondoa 100, zinabaki 200. Asilimia 1.5 ya 200 ni cedi 3. Hizo ni nje ya ada ya kampuni ya simu.

Wananchi walifanya nini? Wengi walipunguza kutuma fedha kwa simu. Wengine walirudia bahasha na dereva wa basi. Serikali ilikuwa imetazamia kupata cedi bilioni 6.9 kwa mwaka 2022, lakini ilipata sehemu ndogo tu ya hizo. Januari 2023 tozo ilipunguzwa kuwa asilimia 1. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2024, serikali mpya iliifuta. Rais John Mahama alitia sahihi kufutwa kwake tarehe 2 Aprili 2025.

Wasomaji wa Tanzania wataikumbuka tozo ya miamala iliyoanza hapa Julai 2021, ambayo ilipunguzwa kwa asilimia 30 miezi miwili baadaye kutokana na malalamiko ya wananchi.

Je, ina maana wananchi wasilipe kodi? Hapana. Shule, zahanati na visima havijengwi kwa maneno. Lakini kodi ina mahali pake pa kukatwa. Ng'ombe hukamuliwa akiwa ameshiba. Ndama aliyezaliwa jana huachwa anyonye.

8. Nani anabaki nyuma?

Tukisema "Ghana inatumia simu", tusidhani ni kila mtu.

Vipo vijiji vya Ghana ambavyo kampuni za simu hazikutaka kujenga minara, kwa kuwa watu ni wachache na faida ni ndogo. Serikali iliunda mfuko maalumu, ambao kampuni za simu huuchangia, ili minara ijengwe huko. Mingi ya minara hiyo hutumia umeme wa jua.

Wapo wasio na simu yenye intaneti, kwa sababu ya bei. Wapo akina mama ambao simu ya nyumbani iko mikononi mwa mume. Na wapo wasiojua kusoma. Hawa wa mwisho ndio wanaotuhusu sisi sana katika darasa hili.

Fikiria mzee asiyejua kusoma. Anakwenda kwa wakala kutoa cedi 200. Anampa wakala simu yake, na anamtajia namba yake ya siri kwa sauti, mbele ya watu. Wakala mwema atamtolea 200. Wakala mbaya atatoa 250, ampe 200, na ujumbe atakaorudishiwa mzee hawezi kuusoma. Ataondoka akishukuru.

Wezi wengine hawaonekani. Anakupigia mtu usiyemjua na kusema, "Nimekutumia fedha kwa makosa, tafadhali nirudishie." Kweli ujumbe umeingia katika simu yako. Lakini ukiusoma vizuri, utaona haukutoka kwa kampuni. Umetoka kwa namba ya mtu. Mwingine atasema, "Umeshinda zawadi, nitajie namba yako ya siri." Ujanja huu upo Ghana na upo kwetu, na mwizi wa namna hii humtafuta hasa mtu asiyesoma au anayesoma haraka haraka.

Ghana ilitunga sheria za kuwalinda wananchi. Mwaka 2012 ilitunga sheria ya kulinda habari za mtu, mwaka 2019 sheria ya mifumo ya malipo, na mwaka 2020 sheria ya usalama wa mitandao. Sheria ni ngao nzuri. Lakini ngao ya kwanza ni macho yako mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, shika mambo haya matano:

(a) Namba ya siri ni yako peke yako. Usimtajie wakala, jirani, wala mtu anayejiita mfanyakazi wa kampuni.
(b) Ibonyeze namba hiyo mwenyewe, hata kama unakwenda polepole. Wanaongoja nyuma yako wangoje.
(c) Soma ujumbe mpaka mwisho kabla ya kuondoka kwa wakala. Tazama kiasi kilichotoka, makato, na salio lililobaki.
(d) Ukiambiwa umetumiwa fedha kwa makosa, tazama salio lako kwanza. Kama halikuongezeka, hakuna fedha iliyoingia. Kama limeongezeka, usirudishe mwenyewe. Ipigie simu kampuni.
(e) Andika katika daftari fedha unazotuma na unazopokea. Simu inaweza kupotea au kutumbukia kisimani. Daftari litabaki.

9. Elimu ndiyo mtaji

Ghana iliijua thamani ya elimu ya watu wazima mapema. Mwaka 1951, kabla hata ya uhuru, ilianzisha mpango wa kufundisha umma kusoma na kuandika. Miaka ya 1990 ilianzisha mpango mwingine uliofundisha katika lugha 15 za wananchi. Kwa upande wa kompyuta, mwaka 2003 ilifungua mjini Accra chuo cha mafunzo kilichopewa jina la Kofi Annan, Mghana aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa kuwafundisha vijana milioni moja kazi za kompyuta.

Lakini kijana anayetengeneza programu mjini na mama anayesoma ujumbe sokoni wanahitajiana. Programu isiyo na wa kuitumia ni kama mashine ya kusaga katika kijiji kisicho na mahindi. Nchi haiwezi kujenga uchumi wa kidijitali kwa wataalamu peke yao. Inahitaji mkulima, mvuvi, fundi na mchuuzi wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu.

Wapo watu wazima wanaosema, "Mimi nimezeeka, kusoma kutanisaidia nini?" Jibu liko mfukoni mwao. Zamani asiyejua kusoma alikosa habari za gazeti na barua. Leo asiyejua kusoma anaweza kukosa fedha zake mwenyewe, na asijue kwamba amezikosa.

Maneno mapya

Anwani: maelezo ya mahali mtu anapokaa.
Fedha taslimu: noti na sarafu zinazoshikika mkononi.
Muamala: tendo moja la kutuma, kupokea, kuweka au kutoa fedha.
Salio: kiasi cha fedha kilichobaki.
Tozo: malipo yanayokatwa kwa mujibu wa sheria.
Wakala: mtu anayefanya kazi kwa niaba ya kampuni.

Maswali ya mazungumzo

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya uchumi wa kidijitali. Toa mfano mmoja wa kijijini kwenu.
2. Kwa nini wakulima wa viazi vikuu wasiopata ujumbe walipewa bei nzuri hatimaye?
3. Mtu anatuma cedi 500 kwa siku moja. Cedi 100 za kwanza hazikatwi. Tozo ni asilimia 1.5. Je, atakatwa cedi ngapi?
4. Mnaonaje: ni haki serikali kutoza fedha zinazotumwa kwa simu? Kundi moja liseme ndiyo, jingine liseme hapana, na kila kundi litoe sababu.
5. Je, katika kijiji chenu yupo mtu aliyeibiwa kwa simu? Wizi huo ungeweza kuzuiwa namna gani?
6. Kazi ya nyumbani: Fungua ujumbe wa mwisho ulioupata ulipotuma au kupokea fedha. Nakili katika daftari kiasi, makato, salio na tarehe. Ulete darasani.